Shangazi kaleta dawa ya mizizi, mama anatakiwa kuanza kemo. Tusogeze mbele?

SWALI: Shikamoo dada mfamasia. Mama yangu ana miaka 54, mwezi uliopita alichukuliwa kinyama kwenye titi la kushoto na majibu yakaja ni kansa, steji ya 2. Daktari kapanga kemo kwanza afu operesheni. Sasa shangazi katoka Handeni kwa mganga mmoja, kaleta chupa mbili za dawa ya mizizi, majani makavu ya mstafeli na unga mweusi wa kuchanjia. Anasema kemo ndo inayoua watu, tujaribu hii miezi mitatu, isipokubali ndo turudi hospitali. Mama mwenyewe anaogopa nywele kunyonyoka na naona anaegemea kwa shangazi. Kemo inaanza baada ya wiki mbili. Hivi kuna mti wowote unaotibu hii kitu kweli? Nisimamie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana na mpe mama pole zangu. Nimesoma meseji yako mara mbili na nataka nianze na lile la haraka kabla sijaingia kwenye miti, kwa sababu najua nikianza na miti ntaenda mbali. Msisogeze kemo. Hiyo miezi mitatu ambayo shangazi anaiona kama majaribio madogo, kwa kansa ya titi ni muda mrefu mno. Mwaka 2020 ulitoka uchambuzi mkubwa uliojumlisha tafiti nyingi za kansa na ukaonyesha kwamba kila wiki 4 operesheni inapocheleweshwa, hatari ya mgonjwa kufa inapanda kwa asilimia 6 hadi 8 hivi. Wiki nne tu. Sasa piga hesabu ya miezi mitatu, afu uongeze na muda wa kurudi hospitali, kupimwa upya, kupanga foleni upya, na mara nyingi anayerudi harudi akiwa steji ileile aliyoondoka nayo.

Na kuna utafiti mwingine wa Marekani, wa watu wa chuo cha Yale, uliotoka 2018, uliwafuatilia wagonjwa ambao kansa yao ilikuwa bado haijasambaa lakini wakachagua tiba mbadala peke yake wakaacha za hospitali. Kwa wanawake wenye kansa ya titi, hatari ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 5 ukilinganisha na wenzao waliotibiwa kawaida. Hao ni watu wa nchi tajiri, wenye hela ya kununua dawa za miti zilizofungwa vizuri kwenye vichupa vyenye lebo, na bado.

Mama yako yuko steji ya 2. Hilo nataka ulishike kwa mikono miwili. Hapa Tanzania wanawake kama 8 kati ya 10 wanaogundulika na kansa ya titi wanagundulika wakiwa steji ya 3 au ya 4, yaani wengi wanafika kupona kumeshakuwa kugumu zaidi, na wengine tunaongelea tu kurefusha maisha na kupunguza maumivu. Mama yako kafika mapema. Hiyo nafasi aliyonayo, kina mama wengi niliowachanganyia dawa kwa miaka yote hii hawakuipata, na inaniuma nikifikiria kwamba inaweza kupotea kwa ajili ya chupa mbili.

Sasa tuje kwenye miti. Tafadhali usinisome kama mtu wa hospitali anayedharau dawa za asili, mimi bibi yangu mzaa mama kule Lushoto alikuwa anafuatwa na watu wa vijiji vitatu kwa ajili ya dawa za watoto na za uzazi, nimekua nikitumwa kuchuma majani na nikakosea nikarudishwa porini mara ya pili. Nilisomea dawa kwa sababu yake. Kwa hiyo ukiniuliza kuna mti wowote unaotibu kansa ya titi, jibu langu ni ndiyo, ipo zaidi ya mmoja, na yawezekana kabisa mama yako atapewa mmojawapo hapohapo hospitali.

Wagonjwa wengi wa titi kwenye kemo wanaanza na ile dawa nyekundu, inaitwa doksorubisini (hiyo inatokana na vijidudu vya kwenye udongo, siyo mti), afu wanamalizia na dawa moja inaitwa paklitakseli. Hii ya pili ni gome la mti. Mti wenyewe unaitwa Taxus brevifolia, unaota magharibi ya Marekani huko kwenye misitu ya baridi. Wamarekani walikusanya gome lake miaka ya 60 mwanzoni kwenye mpango wao wa kupima maelfu ya mimea kama kuna inayoua seli za kansa, mwaka 1971 wakemia wawili, Wall na Wani, wakatangaza umbo la ile kemikali, na ikachukua mpaka 1994 ndipo ikaruhusiwa kutumika kwa kansa ya titi. Miaka zaidi ya 30 kutoka gome mpaka kwenye dripu. Na walipata shida kweli, mana ukibandua gome lote mti unakufa, na mti mmoja mkubwa unatoa dawa kidogo mno, mgonjwa mmoja alikuwa anamaliza miti kadhaa, mpaka baadaye ndo wakagundua namna ya kuitengeneza kutoka kwenye majani ya jamaa yake mti wa Ulaya bila kuua mti.

Mwambie shangazi na hili, nadhani litamgusa: hiyo paklitakseli haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo kwenye kichupa chake imeyeyushwa kwa kimiminika kilichotengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo. Nyonyo hizihizi za kwetu. Na ndo mana kabla ya kumtundikia tunampa kwanza sindano za kuzuia mzio, kwa sababu hicho kimiminika kinaweza kumletea mtu mzio mkali. Unaona sasa, gome na nyonyo. Lakini imepimwa. Mwanamke mwenye eneo la mwili la mita 1.6 za mraba (tunalipata kwa urefu na uzito wake) akipewa kila wiki tatu anapata miligramu 280, siyo kikombe, siyo vijiko viwili asubuhi na jioni, na akiwa na ini lenye shida tunaipunguza, na seli nyeupe zikishuka tunasubiri.

Kuna hadithi nyingine ambayo ndo naipenda kuliko zote kwa sababu ni ya huku kwetu. Mwaka 1972 mtafiti mmoja Mmarekani, Kupchan, alitangaza kwamba amepata kemikali kali sana kutoka kwenye mti wa jamii ya Maytenus uliochumwa Ethiopia. Akaiita maitansini. Kwenye maabara ilikuwa inaua seli za kansa kwa kiasi kidogo mno, mara mia hadi elfu chini ya dawa nyingine za wakati ule. Watu wakafurahi sana. Wakaanza kutafuta mti kwa wingi, na jamaa yake mmoja, Maytenus buchananii, akapatikana Shimba Hills, kule Kwale pwani ya Kenya, na mwaka 1976 zikavunwa kule tani 27 hivi kwa ajili ya taasisi ya kansa ya Marekani. Tani 27 za aina moja ya mti kutoka kwenye vilima vile! Wakaisafisha, wakaanza kuwapa wagonjwa.

Ikashindikana. Siyo kwamba haikuwa na nguvu, ilikuwa na nguvu kupita kiasi, watu walitapika na kuharisha vibaya, mishipa ya fahamu ikaharibika, na uvimbe wenyewe haukupungua kwa kiwango cha kumfanya mtu avumilie yote hayo. Miaka ya 80 ikawekwa kando. Ingeishia hapo ingekuwa imekufa, lakini wapo walioendelea kufikiria, wakasema tatizo siyo sumu, tatizo ni kwamba inaenda kila mahali mwilini. Wakachukua kemikali ya jamii ya maitansini wakaifunga kwenye kingamwili inayoitwa trastuzumabu, ambayo yenyewe kazi yake ni kutafuta seli za kansa ya titi zenye kitu kinaitwa HER2 juu yake. Yaani kama kumpa tarishi mzigo wenye anwani, anaenda nyumba moja tu anaingia nao ndani. Hiyo dawa iliruhusiwa 2013, na leo ni dawa ya kansa ya titi ya aina ya HER2, ambayo ni kama wagonjwa 15 hadi 20 kati ya 100.

Kwa nini nakueleza kirefu hivi. Kwa sababu mti upo, ulikuwa ni mti wa Afrika Mashariki kabisa, na dawa ya kansa ya titi ilikuwemo ndani yake kweli, na bado mtu angekuchemshia mizizi yake akakupa unywe asingejua kakupa kiasi gani, cha kusaidia au cha kuumiza. Miaka 41 toka 1972 mpaka 2013 ilitumika kutafuta namna ya kuipeleka kwenye uvimbe bila kummaliza mwenye uvimbe. Kwa hiyo shangazi akisema "miti ina dawa" usibishane naye, yuko sahihi. Swali la kumuuliza ni: kwenye hii chupa kuna miligramu ngapi za nini?

Na hapo ndo chupa inaposhindwa kujibu. Mzizi uliochimbwa masika siyo sawa na uliochimbwa kiangazi, mti wa Handeni siyo sawa na wa Kilosa hata kama ni mti uleule, leo anachimba mzee, kesho anachimba mjukuu wake na anaweza kuchanganya na mti unaofanana. Bibi yangu mwenyewe alikuwa anajua hilo, kuna mizizi alikuwa hachimbi kabisa mpaka mvua ziishe.

Ntakusimulia mama mmoja, sitataja jina wala ilikuwa hospitali gani. Alikuja kwa kemo ya tatu, damu ikapimwa, vipimo vya ini vimepanda karibu mara nne ya kawaida. Mzunguko wa kwanza na wa pili alikuwa safi. Daktari akasimamisha dozi, tukaanza kutafuta, hepataitisi hana, pombe hanywi, panadol hajameza. Nikaenda nikakaa naye pembeni kwenye benchi, nikamuuliza taratibu, mama, kuna kitu kingine unatumia nyumbani? Akamwangalia binti yake. Binti akafungua mkoba, ndani kuna kanga imeviringishwa, ndani ya kanga chupa ya maji ya lita moja na nusu, kitu kina rangi ya chai iliyokolea sana, chini pamekaa tope, juu povu dogo, nikifungua kofia inatoa harufu ya udongo uliolowa na uchachu kidogo, imeshaanza kuchachuka. Kikombe asubuhi kikombe jioni, tangu kemo ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini hukutuambia, akasema "niliogopa mtanigombeza."

Hilo neno sijalisahau. Tulimwachisha ile dawa, baada ya wiki tatu ini likarudi, akaendelea na akamaliza mizunguko yote. Lakini mzunguko mmoja ulichelewa kwa ajili ya woga, na ule woga tuliuleta sisi watu wa makoti meupe kwa kugombeza watu. Kwa hiyo mwambie mama asifiche. Akitumia chochote aseme, na akikutana na anayemfokea amuulizie mwingine.

Sasa vitu vyenu kimoja kimoja.

Ule unga mweusi ndo unaonitisha kuliko vyote, kwa hiyo naanza nao. Tafadhali asichanjwe. Kansa haipo juu ya ngozi ukasema unaifuata na wembe, halafu mtu anayeanza kemo kinga yake inaenda kushuka, chale ni mlango wazi wa vijidudu. Na hata baada ya operesheni, kama watatoa na tezi za kwapani, mkono ule wa kushoto usichanjwe tena maisha yake yote, unaweza kuvimba ukabaki umevimba. Kuna na wale wanaopaka vitu vya kuunguza, wengine wanatumia utomvu wa mnyaa, ule mweupe. Mnyaa unaunguza ngozi, ukiingia jichoni unaweza kupofua, na watafiti wameuhusisha na kansa ya tezi ya watoto ile ya Burkitt huku kwetu. Nimewahi kuona titi lililopakwa dawa ya kuunguza, palichimbika kidonda, nyama ikadondoka, mgonjwa akaonyeshwa ile nyama akaambiwa huo ndo mzizi wa kansa umetoka. Ilikuwa ni nyama yake tu iliyoungua, kansa ilikuwa chini inaendelea.

Majani ya mstafeli. Haya najua yanatembea sana WhatsApp, eti yana nguvu mara elfu kumi ya kemo. Kinachosemwa hapo kimetoka kwenye seli zilizowekwa kwenye sahani ya maabara zikamwagiwa dondoo la majani. Hata spiriti ukiimwagia hiyo sahani seli zitakufa, haina maana ukinywa spiriti utapona. Kwa binadamu mwenye kansa ya titi hakuna utafiti ulioonyesha kwamba majani ya stafeli yanaponya. Na yana upande wake wa pili: kisiwa cha Guadeloupe kule Karibi, ambako watu wanakula sana stafeli na kunywa chai ya majani yake, madaktari mwaka 1999 waliripoti wagonjwa wengi wa kutetemeka na kukakamaa, aina ya Parkinson isiyosikia dawa, na ndani ya mstafeli kuna kemikali inayoitwa anonasini ambayo inaua seli za ubongo. Tunda akila mara mojamoja hamna shida. Majani ya kuchemsha kila siku, hapana, na hasa akiwa anapata paklitakseli ambayo nayo inagusa mishipa ya fahamu, ganzi ya vidole itatoka wapi tutashindwa kujua.

Hizo chupa za mizizi nshasema. Hatujui kuna nini, zisinywewe.

Hamjataja muarobaini na manjano lakini najua zinakuja, mana jirani wakishajua tu wataleta. Muarobaini hauna ushahidi wowote kwa kansa ya titi ya binadamu, aachane nao wakati wa kemo. Mlonge kidogo kwenye mboga ni chakula tu, asinywe unga vijiko kwa vijiko. Manjano kwenye mchuzi, aweke tu, raha yake. Shida ni vidonge vya manjano na vile vya manjano na pilipili manga. Baadaye, kama kansa yake ni ile inayosikia homoni, atapewa tamoksifeni au mwenzake wa kumeza miaka 5 au zaidi, na Waholanzi walishapima wakakuta mtu akimeza manjano ya vidonge pamoja na tamoksifeni, kiwango cha dawa kwenye damu kinashuka, na kikiongezwa pilipili manga kinashuka zaidi. Yaani anameza dawa kila siku kwa uaminifu afu kidonge kingine kinaila pembeni.

Kwa hiyohiyo sababu ya homoni, chochote kinachouzwa kwa ajili ya "kusawazisha homoni" au kukuza matiti akae nacho mbali. Na mwegea, yale matunda marefu kama soseji, huo unatumiwa sana kwa mambo ya matiti, lakini tunda bichi lake ni sumu.

Wiki mbili kabla ya operesheni aache vidonge vya kitunguu saumu, habat soda na tangawizi za dozi kubwa, vinaweza kufanya damu isigande vizuri. Kwenye chakula siyo tatizo.

Naweza kuwapa orodha ya makatazo tu mkaona mimi nami nawanyima kila kitu, kwa hiyo nikupe na cha kushika. Tangawizi imepimwa kwa wagonjwa wa kemo, nusu gramu mpaka gramu moja kwa siku, ikapunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza ikitumika pamoja na dawa za hospitali za kuzuia kutapika. Nusu gramu ya unga ni kama robo ya kijiko kidogo cha chai. Huo ni ushahidi wa kweli na ni mmea wetu wa jikoni. Mpe shangazi kazi hiyo! Amwandalie mama chai ya tangawizi nyepesi, uji wa lishe, mtori, maparachichi, mchaichai kama anaupenda harufu yake. Mdomo ukitoka vidonda asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku. Mtu anayetaka kumuuguza ndugu yake anahitaji kitu cha kushika mkononi, ukimnyang'anya chupa bila kumpa sufuria anarudi kwenye chupa.

Kuhusu kuongea naye. Shangazi ni dada wa baba, ana sauti kwenye nyumba yenu, na kasafiri mpaka Handeni kwa nauli yake kwa sababu anampenda wifi yake. Anza hapo. Usimuite mjinga, usimuonyeshe klipu za kumshinda. Mwambie shangazi tumepokea, tunashukuru, lakini mama anaanza dawa kali na hizi mbili zikigongana ini litaumia, tuziweke kwanza. Mpeleke kliniki, akae kwenye benchi na wenzie, aone na wale waliomaliza wamekuja kupima, wamevaa vizuri wanacheka. Anayesema kemo inaua mara nyingi kaona mtu aliyeanza kemo steji ya 4 akafariki, na kweli alimuona, hasemi uongo, ila ilikuwa kansa iliyoshasambaa.

Na mganga mwenyewe, muulizeni kwa heshima: umesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Sheria ipo toka 2002. Mti huu unaitwaje? Utakubali tupeleke sampuli ikapimwe? Pale Muhimbili kuna taasisi kabisa ya tiba asilia, toka 1974 wanafanya kazi na waganga, hakuna aibu. Mganga wa kweli, kama alivyokuwa bibi yangu, anajua mwisho wa dawa zake. Bibi alikuwa akiona uvimbe mgumu usiouma kwenye titi anasema "huu si wangu, mpelekeni hospitali," na anamtoa mtu usiku huohuo. Wewe ulikuwa bado mdogo lakini shangazi atakumbuka 2011, kikombe cha Babu wa Loliondo, mti wa mugariga, shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita mpaka Samunge. Wapo walioacha dawa zao wakaenda wakanywa wakaamini wamepona. Mchungaji Mwasapila, ndo huyo Babu, alikuwa na imani yake na watu walikuwa na shida za kweli, lakini walioacha dawa waliumia.

Nywele. Usilione hili dogo, mdogo wangu, usimwambie mama "nywele si kitu." Kwa mwanamke wa miaka 54 nywele ni kitu. Kwa dawa hizi mara nyingi zitanyonyoka, wiki mbili tatu baada ya kemo ya kwanza, na zitaota tena miezi michache baada ya kumaliza. Kinachosaidia ni kutangulia: azikate fupi mapema kwa mkono wa mtu anayempenda, mnunue vilemba viwili vitatu vizuri au wigi, msisubiri ziwe zinabaki kwenye mto asubuhi. Kaa naye siku moja bila shangazi bila simu, umuulize anaogopa nini hasa, usijibu haraka. Wengine wanasema nywele lakini wanachoogopa ni kuwa mzigo wa gharama. Hapo nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali mkajieleze, wapo kwa ajili hiyo.

Kitu kingine, watu watakwambia kile kinyama walichochukua ndo kimeichokoza kansa ikasambaa. Hapana. Bila kinyama hatujui aina, na bila aina daktari anapiga gizani.

Kabla ya hizo wiki mbili kuisha muulize daktari mambo haya: majibu ya vipokezi vya seli za kansa, yaani ER na PR (vya homoni) na HER2 (ile niliyokueleza juu), yameandikwaje; mizunguko ni mingapi na dawa gani; operesheni ni lini baada ya kemo; na namba ya kupiga usiku. Nunua kipimajoto cha kwapani, kemo ikianza, homa ikifika 38 msisubiri asubuhi, msimpe mitishamba ya homa, nendeni hospitali saa hiyohiyo mana seli nyeupe zikiwa chini maambukizi yanamaliza mtu kwa saa chache.

Na siku mnaenda, bebeni zile chupa mbili, majani na ule unga, msivimwage nyumbani. Viwekeni mezani mbele ya daktari au mfamasia, shangazi akiwepo, mama aseme mwenyewe kama kashaonja au bado. Kama kashaonja wapime ini na figo kabla ya dripu ya kwanza. Ukipata yale majibu ya vipokezi niandikie, nikueleze kila dawa watakayompa inatoka kwenye nini.